Firigisi ya Bi Sikudhani

Hapo zamani, tena si zamani sana maana mwenyewe bado anakaanga vitumbua sokoni Korogwe, palikuwa na mji ndani ya mwili wa Bi Sikudhani. Mtaa wa kiunoni alikaa Shahamu, mama wa mafuta yote, mnene, mpole, mwepesi wa kununa. Kila apitaye alimsema. Chembe nyekundu za damu zikipita mbio na mizigo yao ya hewa zilimkemea, "Tupishe, bibi, kula kulala wee!" Shahamu aliwapisha, lakini yalimuuma.

Alikuwa na mabinti wawili, homoni mbili, wajumbe wake kwenye damu. Mkubwa ni Leptini, mdomo kama tarumbeta, kazi yake kuamsha askari wa mwili. Mdogo ni Adiponektini, jina refu, sauti fupi, kazi yake kuwatuliza. Na ajabu ya nyumba ile ndiyo hii: kadiri mama alivyonenepa, mkubwa alizidi kupayuka na mdogo alizidi kufifia.

Siku moja kirusi cha mafua makali kikaingia kwa mlango wa pua, hodi hakikupiga. Kikateremka mapafuni, kikaanza kuzaana. Kamanda Cheupe, mkuu wa chembe nyeupe, alikuwa amejilaza zake. Leptini akakimbia mpaka kwenye uboho wa mifupa, ambako askari huzaliwa, akapiga kelele: "Chakula kipo! Mama ana akiba! Zaeni askari! Na wewe Cheupe, amka!" Askari wakamiminika. Cheupe akawaongoza, wakapiga, wakameza, wakachoma. Kirusi kikaanza kutafuta njia ya kutokea.

Lakini Leptini hakujua kunyamaza. "Piga! Piga tena!" Askari wakapiga adui, wakapiga ukuta, wakapiga na wenyeji. Mapafu yakavimba. Bi Sikudhani akawa anaitafuta pumzi kwa shida. Adiponektini akaita, "Tulieni jamani, mnabomoa nyumba!" Nani amsikie?

Shahamu akaingiwa na hofu. Bi Sikudhani hali, hanywi, na mji unataka kula. Basi akaanza kujimega mwenyewe, akawagawia wote, hata waliomtukana. Akapungua, akapungua, mpaka kanga ikampwaya. Na alivyopungua, sauti ya Leptini ikakauka, ya mdogo ikapanda: "Tulieni!" Wakatulia. Homa ikashuka.

Bi Sikudhani alipoinuka kitandani, jirani akamletea supu ya kuku, na ndani yake firigisi. Mnaijua firigisi: iko moja tu, haigawanywi, hupewa baba mwenye nyumba. Mji ule haukuwa na baba. Wote wakakodolea macho kijiko.

"Hiyo yangu," akasema Cheupe. "Nani aliua? Hayo makamasi anayopenga bibi yenu ni maiti za askari wangu!"

"Nani alikuamsha?" akauliza Leptini. "Ulikuwa unakoroma!"

"Nyie wawili mlikuwa mnamuua," akasema Adiponektini. "Anapumua kwa sababu yangu."

Shahamu hakuwahi kudai kitu maishani mwake. Siku hiyo alidai.

"Wanangu, na wewe Kamanda, siku zote hizo mlikuwa mnakula nini? Mlinila mimi. Sauti ya binti yangu mdogo ilisikika kwa sababu nilikonda. Firigisi naitaka. Naitaka sana. Nami niheshimiwe, japo mara moja."

Cheupe akaangalia chini, aibu imemjaa. Alikuwa tayari kumwachia.

Adiponektini akaanza kulia. "Mama, nakupenda, ila ukianza kula utanenepa, ukinenepa nitakuwa bubu tena. Na yule jirani aliyeleta supu, sikilizeni, anapiga chafya. Vita vikirudi, nani atawatuliza askari?"

"Na asipokula?" akadakia Leptini. "Kirusi kikija tena, niwaitie askari chakula kipi?"

Shahamu akamtazama binti huyu, akamtazama yule. Wote wamesema kweli, na yeye mate yanamtoka.

Haya, nyie mnaocheka, msinitazame mimi. Mimi nimesimulia tu, kuku hakuwa wangu. Bi Sikudhani ameshaiweka mdomoni, anatafuna. Je, nani alistahili firigisi ile? Na kama si mama, nani kati yenu atakwenda kumwambia?