Hodi Tatu Kutoka Juu

Kabla mbingu haijapanda ilipo leo, ilikaa chini kabisa, moshi wa majiko ya Upare ukiigusa. Nyota zilionekana kama zilivyo: ni mioto, na kila moto ulizungukwa na nchi zake, nyingine karibu, nyingine mbali. Hilo halikuwa siri.

Hata hivyo, watu wa vilimani walishikilia kwamba nchi yenye watu ni moja tu, yao. Sababu? Hawajamwona mtu mwingine. Basi. Hoja yote ndiyo hiyo.

Namkunda mfinyanzi, hoja hiyo haikumwingia akilini. Msimu wa ukungu alikausha vyungu kwa kuvipanga kuzunguka moto. Kilichokaa karibu mno kilipasuka. Cha mbali kilibaki kibichi. Cha katikati kilifaa, tena si kila kimoja, maana vingine vilikuwa na kijiwe ndani vikaharibika tu. Lakini hakuwahi kuwasha mioto mia akaambulia chungu kimoja tu.

Akalipeleka jambo hilo barazani. "Mioto ya juu haihesabiki, na kila mmoja una mahali pake pa katikati. Mnataka kuniambia pamefaa kwetu tu?"

Mzee Mbonea, msemaji wa baraza, alicheka. "Mwanangu, umewaona hao watu?"

"Sijawaona, baba. Na wewe umeingia kwao ukakuta patupu?"

"Rudi kwenye tope lako. Hapa tunajadili mambo ya watu."

Wakaangua kicheko, hata wale waliopikia vyungu vyake.

Asubuhi ya tatu baada ya hapo, watu wakiwa barazani tena, sauti ikatoka juu. Haikuwa ya lugha ya vilimani, lakini hakuna aliyeshindwa kujua kwamba anabishiwa hodi. Namkunda akasimama aitikie. Mbonea akainua mkono kumzuia. Enzi hizo mgeni hakujibiwa mpaka wazee wamtambue, na aliyekaidi alinyimwa ardhi ya kijiji, pamoja na shimo la udongo. Mfinyanzi bila udongo atakula nini? Namkunda akakaa.

Hodi ya pili ilisikika karibu zaidi. Baraza lilikuwa limefika kwenye swali eti kama kitu kisicho mtu kinaweza kuwa na adabu ya kubisha.

Ya tatu ilikuwa imechoka. Nyuma yake alisikika mtoto akikohoa.

Namkunda aliliwaza shimo, kisha akapaza sauti: "Karibu!" Alikuwa amechelewa. Mbingu ilishaanza kupanda, taratibu, bila hasira, kama mtu anayeondoka uani akiona wenyewe hawapo. Mioto ikafifia ikawa vitone.

"Mnaona?" Mbonea alisema. "Kimya. Hakuna mtu."

Shimo akanyang'anywa, kwa neno lile moja lililochelewa. Alichimba udongo mbali, bondeni, na maisha yake yote kila aliyepiga hodi kwake alisikia "Karibu!" kabla hajajitaja. Majirani walimcheka, kisha wakaiga.

Na tangu siku hiyo, hodi hupigwa mara tatu, asiyejibiwa akaenda zake. Aliye ndani hukaribisha kwanza, ndipo akauliza ni nani. Na mpaka leo wapo wanaotazama juu wakasema hakuna watu, kwa kuwa ni kimya. Nani alinyamaza kwanza, hawasemi.