Kengele ya Nakiete na Chungu Kilicho Darini Kwetu

Enzi za mababu waliofua chuma, kabla barabara haijapanda safu hii ya Upare, alizaliwa Nakiete binti Mrindoko, mjukuu wa Semvua mhunzi, Mgongo-wa-Mwamba, mwanamke ambaye alipotua mzigo ardhi ilitikisika na mbuzi wa ng'ambo ya bonde wakaacha kula. Ndugu zangu katika Bwana, anayewasimulia ni mimi Kiondo, mtu wa darasa la saba tu, na nasimulia nikiwa nimeinamisha uso.

Nakiete, mjane asiyejua kusoma hata jina lake, ndiye aliyesimama kanisani akatamka: "Mwanangu wa pekee alishuka bondeni kutafuta elimu, hakurudi. Elimu na ipande huku."

Watu wakacheka. "Itapandaje, mama? Ina miguu?"

"Ina mgongo wangu."

Akapasua jabali la hapa kijijini kwetu Mbomwe kwa nyundo ya babu yake, akabeba mawe, akabeba boriti ambazo wanaume sita walizibwaga njiani, hata kikasimama chuo hiki cha Neno la Mungu, lugha, hesabu na nyimbo. Ikabaki kengele, nayo ilikuwa imeshushwa stesheni kule tambarare, mwendo wa siku mbili.

Basi mnaujua msaragambo, kazi yetu ya pamoja: baragumu likilia kila mtu hutoka na jembe lake, na asiyetoka huchukuliwa chungu chake jikoni. Siku alipoteremka, Nakiete alimuaga mtu mmoja tu, mpiga baragumu. "Nafuata kengele, shemeji. Waambie."

Mpiga baragumu huyo alikuwa babu yangu.

Kesho yake baragumu likalia, watu wakatoka kuchimba njia ya kuingilia chuoni, Nakiete hayupo. Wazee wakauliza aliko. Babu, aliyechoka kusikia mwanamke akisifiwa kila Jumapili, akasema, "Anajua mwenyewe. Siku hizi mkubwa kuliko baragumu!" Wakacheka sana, wakaenda kwake, wakachukua chungu, na babu ndiye aliyekibeba.

Siku ya nne Mgongo-wa-Mwamba akafika, kengele mgongoni, miguu inavuja damu, akakuta mafiga matupu. Hakugomba. Alipanda na mzigo wake hadi chuoni, akaitundika kengele, akaigonga mara moja, watu wote wakaja, akatamka: "Mimi niliaga." Kisha akaingia msitu wa mawingu. Walimtafuta siku tisa wakapata ngata yake tu, imening'inia tawini.

Tangu hapo baragumu halijalia Mbomwe. Na chuoni hapa mwalimu akiita jina, jibu likakosekana, haandiki kitu kabla hajauliza darasa mara tatu: "Nani ajuaye aliko?" Vijana hucheka, hawajui swali hilo lilitoka wapi. Mimi najua. Babu alikiri akikata roho, baba akatufunga midomo, nami miaka thelathini nimekalia kiti cha mzee wa kanisa, nikishiriki meza ya Bwana, na chungu kile kiko darini kwetu, tunawekea mbegu za maharage.

Leo nimekileta. Kile pale, chini ya kengele. Na swali aliloulizwa babu nalijibu mimi, nimechelewa, Mungu anirehemu: alikuwa njiani, anatubebea kengele.