Vanila ya Paka

"Hizo bado! Kata ukitaka, lakini usiniambie ni vanila. Hayo ni maharage!"

"Kwani nimekwambia uyapike?"

"Miezi mitatu tu, kaka. Umengoja sita, mitatu ndiyo inakushinda?"

"Wezi hawana kalenda, dada. Wewe ukilala ukingoja harufu, wenzako wanachuma."

Aliyeshika kisu aliitwa Chapchap, na jina hilo hakupewa bure. Hata chai alikunywa ikimbabua ulimi. Aliyekuwa anafoka upande wa pili wa mpaka ni dada yake wa tumbo moja, Mama Pacha. Baba yao alipofariki, shamba lilikatwa katikati na kila mmoja akapata nusu. Kitu kimoja tu hakikugawanywa, nacho ni alama.

Vanila ikiwa bado changa juu ya mti, mwenyewe huchoma kila ganda kwa kizibo kilichopachikwa sindano. Ganda linakua na kovu lake, na hata likikauka likawa jeusi, kovu halitoki. Mwizi akikamatwa na mzigo, kovu linamtaja mwenye mali. Kila ukoo una alama yake. Ya mzee yule ilikuwa vitone vinne vimekaa kama unyayo wa paka, na watu wakaiita Paka. Mzee hakuwahi kuchuma mbichi. Kuna wanunuzi waliokuwa wakifika wanauliza kama ya Paka ipo, ndipo wanakumbuka kusalimia.

"Basi ikwangue hiyo alama," Mama Pacha alisema.

"Niikwangue? Dalali ananunua kwa sababu ya Paka! Shule ulienda kufanya nini wewe?"

"Angalau mimi nilienda. Wewe ulitorokea dirishani."

Chapchap akacheka, akaendelea kukata.

Mama Pacha hakuwa anabisha kwa kupenda kubisha. Yeye na wanawe wawili walikuwa wanaishi chumba cha nyuma kwa huyo huyo kaka yake, na wifi yake alikuwa na tabia ya kuhesabu vijiko kila wakimaliza kula. Nyumba yake mwenyewe ilishapanda hadi usawa wa paa, kuta za matofali mabichi, bado bati tu. Vanila ikiuzwa, bati linapanda. Mvua ikitangulia, kuta zinarudi kuwa tope.

Dalali alikuja na gari lake dogo la mizigo. Hakunusa, hakukunja ganda hata moja kidoleni. Aliangalia vitone vinne, akatabasamu, akapakia. Wiki hiyo hiyo Chapchap akatundika televisheni ukutani, pana kama mlango.

"Dada, njoo utazame dunia," alimwita. "Au vanila yako bado ina mimba?"

"Bora yangu ina mimba. Yako umeitoa."

Wifi alicheka mpaka akapaliwa, ingawa alikuwa upande wa mumewe.

Mazao ya kuuza nje ndivyo yalivyo, iwe chai, iwe kahawa, iwe vanila. Anayelima hamjui anayekula, na anayekula hamjui anayelima. Katikati yao kuna kasha tu. Sasa vanila mbichi haikauki, inajifanya imekauka. Dalali aliichemsha haraka, akaianika haraka, akaifunga kwenye makasha na kuisafirisha. Humo ndani ikatoa jasho, jasho likazaa ukungu. Kasha lilipofunguliwa ng'ambo, mwenye ghala alirudi nyuma akiziba pua. Alipogeuza yale maganda yaliyooza, kila moja lilikuwa na unyayo wa paka.

Mama Pacha yeye alingoja miezi yake yote tisa. Akachuma ncha zilipoanza kugeuka njano, akachovya kwenye maji ya moto, akafunga kwenye blanketi zitoke jasho, akaanika, akasugua moja moja kwa vidole. Siku ya ununuzi alifika uani pa ghala la kijijini na kikapu kichwani, na watu wakageuka kumtazama kabla hajakitua, kwa ile harufu.

Mnunuzi wa kampuni waliyekuwa wakimwita Pua alichukua ganda moja, akalikunja kidoleni, akalinusa huku amefumba macho.

"Mama, hii ni vanila."

"Ndiyo, baba. Ya miezi tisa."

Akafumbua macho, akaligeuza ganda. Uso ukambadilika. Akalirudisha kikapuni taratibu, kama kitu kinachouma.

"Siwezi."

"Huwezi nini? Si umesema mwenyewe?"

"Pua yangu inasema nunua. Lakini huko ng'ambo hawaniamini mimi, wanaangalia alama. Nikiweka Paka humu, mzigo wa kijiji kizima unarudishwa."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakavuta vikapu vyao kando, mbali na chake.

Chapchap alikuwa pale, alikuja kupiga soga tu. Akajipenyeza mbele. "Bosi, hiyo si yangu! Yangu ni ile nyingine, niliyouza zamani! Hii ni ya dada!"

"Kwani Paka wako wangapi?" Pua aliuliza.

Chapchap akachukua ganda kikapuni, akaligeuza, akakuta vitone vinne, akalirudisha.

"Msimu ujao piga alama nyingine, mama," Pua alimwambia Mama Pacha. "Nitakupokea kama mgeni, kwa bei ya mgeni. Anayefuata!"

Wakatoka hadi barabarani. Upande wa milimani wingu lilikuwa limekaa zito, jeusi kama sufuria ya kuni. Mama Pacha alilitazama, kisha akatazama kule ziliko kuta zake.

"Usiniangalie hivyo, dada," Chapchap alisema, ingawa hakuwa ameangaliwa. "Mimi nilichuma zangu. Zako sikuzigusa hata moja."

"Ni kweli. Hukugusa hata moja."

Akatua kikapu miguuni pa kaka yake. Harufu ikapanda, nzuri, haina mnunuzi.

"Mwambie wifi asichoke kuhesabu vijiko. Tupo sana. Mchuma janga hula na wa kwao, kaka."

Akageuka, akaenda zake.