Kabureta ya Mzee Mgonja

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, ni zamani ile watu walipoanza kuyakimbia magari ya Pijo na kutaka ya Kijapani, palikuwa na marafiki wawili mjini Same, Eliakunda Mgonja na Hoza Kiondo. Misheni iliuza Pijo mbili kuukuu kwa bei ya kutupa. Mgonja akachukua moja, Kiondo akachukua ya pili. Watu wakawacheka. Wao wakanunua sabuni na vitambaa, wakaanza kusugua.

Jumamosi zote walikuwa chini ya magari yao. Huyu akikosa spana, yule anayo. Wakaishi hivyo miaka, mpaka siku waliyogombana juu ya pampu ya maji ya gari la Mgonja. Kiondo alisema imechoka, Mgonja akasema anaonewa wivu. "Kuanzia leo," Mgonja akasema, "sitaki cha mtu kwenye gari langu."

Basi kabureta ya Mgonja, kile chombo cha kulisha injini petroli, ikapata ufa. Petroli ikawa inadondoka juu ya injini ya moto. Mgonja akaziba ufa kwa kipande cha sabuni, akaendelea kuendesha. Kiondo akinusa harufu ile gari likipita, hakai wala halali kwa hofu ya moto.

Jumapili moja, Mgonja akiwa kanisani, Mbonea, mtoto wa mdogo wake, mtu mzima aliyekaa nyumbani kwake, alimfuata mlangoni mwa kanisa.

"Baba mkubwa, nimemwona Mzee Kiondo akitoka bandani kwako na kabureta."

Mgonja akarudi mbio, akafunua boneti. Kabureta ipo, lakini si yake. Yake ilikuwa na alama aliyoikwaruza mwenyewe kwa tupa. Akawasha gari. Likawaka vizuri kuliko jana, na hilo nalo likamtia shaka. Mwizi gani anaacha kitu kizuri? Labda anataka nilale usingizi kwanza! akawaza.

Siku ya soko akaenda kwa Kiondo, watu wakitazama. Akafunua boneti ya Kiondo, akaiona alama yake.

"Mwizi! Nipe kabureta yangu!"

Kiondo akaishusha boneti. Alijua akisema ukweli, Mgonja ataing'oa ile nzima na kurudisha yenye ufa, kwa kiburi tu. Akailalia kwa kifua. "Hii huipati, Mgonja. Niite utakavyo." Watu wakamwita mwizi tangu siku hiyo.

Mgonja akarudi nyumbani na jicho la pembeni. Akaweka kufuli bandani. Akaweka kufuli la pili. Mkewe, Nakijwa, akipita karibu na banda, anaulizwa anatafuta nini.

Nakijwa alikuwa na lake moyoni. Alikuwa amemwona mumewe akimimina chai pembeni ya kikombe. Alikuwa amemwona akimwamkia mgomba. Na sasa mumewe alitaka kupanda milimani kwenye arusi, ile njia yenye korongo upande mmoja. Asubuhi ya safari, gari halikuwaka. Rota, kile kipande kidogo cha kugawa moto kwenye plagi, haikuwepo.

"Baba mkubwa," Mbonea akasema, "nimemwona mama mkubwa na ufunguo wa banda."

Wakaitafuta. Wakaikuta ndani ya pipa la unga.

"Baba Naetwe, usiende," Nakijwa akamwambia mumewe. "Macho yako hayaoni."

"Macho yangu yameona ya kutosha! Umekula njama na Kiondo. Nenda kwa kaka yako!"

Nakijwa akafunga kanga zake, akaenda. Mgonja akarudisha rota, akawasha, akatoka, akagonga nguzo ya lango lake mwenyewe. Mbonea ndiye aliyemshika mkono hadi hospitali. Daktari akasema macho yale hayatashika usukani tena. Mgonja akalia kama aliyefiwa. Kisha akakusanya ukoo, akaapa: "Gari nitampa yule ambaye hajawahi kunidanganya wala kugusa kitu changu kwa siri."

Haukupita muda, moshi ukapanda nyumbani kwa Kiondo. Alikuwa amewasha Pijo yake apate kuisikia tu, petroli ikadondoka, moto ukashika. Gari likateketea, na Kiondo akaungua mkono. Mgonja akaongozwa mpaka pale. Fundi akatoa kabureta kwenye majivu, akamwekea mkononi. Mgonja akapapasa. Akaigusa alama. Akaugusa ufa. Akakaa chini.

Akawaita uani kwake Kiondo, Mbonea, na Nakijwa kutoka kwa kaka yake, aamue nani apewe gari.

Kiondo akasema, "Nilikupa moyo wa gari langu, nikachukua ugonjwa wa lako. Nimeitwa mwizi, na gari sina. Lako pale linatembea kwa kabureta yangu."

Nakijwa akasema, "Bila mimi gari lingekuwa chuma chakavu korongoni, na wewe ndani yake. Nilificha rota, ndiyo. Nimefukuzwa kwa kukuacha hai."

Mbonea akasema, "Baba mkubwa, uliapa mbele ya ukoo. Hawa wawili waligusa vitu vyako kwa siri. Mimi nilisema niliyoyaona. Kuna neno langu moja la uongo?"

Hawakulipata.

"Ngoja," Kiondo akamwambia Mbonea. "Uliponiona natoka na kabureta, hukuniona nilivyoingia na nyingine?"

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa," Mbonea akajibu. "Nanyi mlipokaa mbali naye, nani alimpikia? Nani alimshika mkono?"

Mgonja akanyoosha mkono wenye ufunguo wa gari, akausogeza huku, akausogeza kule, maana hakuona vizuri nani amesimama wapi.

Haya, ninyi wenye macho. Yuko aliyelipa gari uhai, yuko aliyempa mwenye gari uhai, na yuko ambaye kiapo kinamtaja. Je, nani alistahili ufunguo?