Moshi wa Mtemi Lugoye

Ngano ipo?
— Ipo, ilete.
Ina njia?
— Inayo, ipite.
Na mwenye kukohoa?
— Akohoe amalize.

Haya. Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na nchi mbili zilizopakana. Moja juu, moja chini. Ya juu ikaitwa Mlimani, ya chini ikaitwa Bondeni. Waliozipa majina hawakujichosha.

Mlimani alitawala Mtemi Lugoye. Mkono wa birika, huyo. Hata kivuli cha mti wake hakumpa mpita njia. Akisikia jirani kapata, halali. Akisikia jirani kakosa, anakoroma. Mnacheka? Mnao kwenu, nawajua.

Sasa, desturi ya Mlimani ilikuwa kuchoma nyika kila kiangazi, nyasi changa ziote, ng'ombe wale. Moto ukifika kwenye kijito, unakufa. Mwaka huo kijito kilikauka. Moto ukavuka, ukaingia msituni, ukawaka, ukawaka, ukawaka. Na upepo ulikuwa unatoka Mlimani kwenda Bondeni. Mlimani wakabaki na anga la buluu. Bondeni wakaletewa moshi wote.

Huko Bondeni aliishi bibi mmoja, Kalunde, na mjukuu wake Mbuke. Mtoto alikuwa na pumu tangu kuzaliwa. Moshi ulipotanda, akawa halali ila ameketi. Akitaka kusema, "Bibi, nipe maji," anasema "Bibi," anapumzika, "nipe," anapumzika, na maji yanafika kabla hajayataja. Kalunde akatundika khanga iliyoloweshwa mlangoni, akaziba nyufa kwa udongo, akahamishia jiko nje, akamkataza mtoto kutoka. Nyumba zote zikafanya hivyo. Ikasaidia kidogo. Lakini khanga ngapi zitaziba nchi nzima? Mzee Shija, jirani wa ukuta kwa ukuta, akazikwa wiki ile. Kalunde akamtazama Mbuke, akaogopa. Aliogopa sana, nisiwafiche.

Wanaume wakapanda mlima. Mara ya kwanza wakabembeleza. "Mtemi, zima moto, tunakufa." Lugoye akajibu, "Mimi nimechoma nyasi zangu. Moshi ukija kwenu, umependa wenyewe." Mara ya pili wakafoka. Akajibu, "Ukamateni basi, muulize kwao ni wapi." Mara ya tatu wakamweleza kwa utaratibu: moto unawaka huku, upepo unavuma hivi, vifua vinauma kule. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hapa kwangu hewa ni safi. Labda mnavuta tumbaku."

Kalunde akasema, "Sasa nitakwenda mimi. Wala sitaomba kitu."

Akachukua kambare aliyemkausha juu ya jiko lake mwenyewe, akamfunga kwenye jani la mgomba. Njiani akakohoa kikohozi chote alichokuwa nacho, asifike nacho. Akapiga magoti mbele ya Mtemi.

"Mtemi wetu, nimeleta shukrani."

"Shukrani ya nini, mama?"

"Ya moshi."

Lugoye akaacha kutafuna.

"Mbu wamehama, Mtemi. Wadudu wa ghalani wamekufa. Na samaki tunawatundika tu nje, jioni wamekauka, kuni hatukati tena. Onja."

Mtemi akaonja. Kambare yule alikuwa mtamu, msidanganywe.

"Huu ni moshi wangu?"

"Wako mtupu."

Hapo kikohozi kikamtoroka bibi wa watu.

"Mbona unakohoa?"

"Shibe, Mtemi. Tumenenepa hata pumzi inapita kwa kusukumana."

"Na wale wanaume waliokuja kulalamika?"

"Walikuwa wanazuga. Waliogopa ukijua tunavyofaidi, utatunyima."

Kalunde hajafika hata mteremkoni, ngoma ya mbiu ikalia: moshi wa Mtemi usitoke nje ya nchi ya Mtemi.

Kwanza wakajenga ua mrefu wa miti na nyasi. Moshi ukapita juu, wala haukuaga. Pili wakaukinga kwa vibuyu, wakaviziba kwa magunzi, wakampelekea Mtemi nyumbani. Akafunga mlango, akavizibua vyote, aufaidi peke yake. Akatoka mbio, macho mekundu, kamasi zinamchuruzika. Akasema, "Mtamu. Ila una ukali." Tatu, akauma meno. "Basi. Nisipoufaidi mimi, haufaidi mtu. Zimeni."

Nchi nzima ikatoka na matawi mabichi, majembe na mchanga. Wakafyeka njia pana mbele ya moto. Mtemi mwenyewe akashika jembe, jambo ambalo mama yake mzazi hakuwahi kuliona. Moto ukakosa pa kupita, ukafa.

Bondeni anga likafunguka. Mbuke akalala chali, akalala mpaka jua likamkuta kitandani.

Lakini Lugoye hakutosheka. Alitaka kuwaona wakikosa. Akaja ukingoni mwa mlima na wazee wake, akasimama kutazama. Kalunde akamwona. Akapita nyumba kwa nyumba akinong'ona, "Lieni. Asipoona machozi atawasha tena."

Watu wakajaribu. Lakini watu waliolala vizuri watalia nini? Mmoja akafinya macho, mwingine akaguna, wa tatu akacheka, na wote wakacheka naye. Juu kule Lugoye akakunja uso. "Hawa wanafurahi," akasema. "Nileteeni kijinga cha moto." Kikaletwa. Akakishika mkononi, akaanza kuelekea kwenye nyasi kavu.

Ndipo Mbuke alipopanda juu ya kichuguu. Akavuta pumzi, akajaza kifua, akapaza sauti: "Mtemi Lugoye, tuonee huruma, turudishie moshi wetu, tunakufa bila moshi wetu, samaki wetu wanaoza, mbu wetu wamerudi, tumekosa nini jamani turudishie moshi wetu!"

Sauti ikavuka bonde, ikagonga mlima.

Kalunde akasikia maneno yale yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, mtoto hajapumzika mahali hata pamoja. Akaketi chini kwenye vumbi akalia. Akalia kwa furaha, kwa sauti, mikono kichwani, machozi ya kweli, hata kina mama wengine wakashindwa kujizuia wakalia naye.

Lugoye akatupa kijinga chini, akakikanyaga mpaka kikazimika.

"Mmemwona yule bibi?" akawaambia wazee wake. "Huyo sasa ameumia. Kuanzia leo, atakayewasha moto nyikani atajibu kwangu."

Akaenda zake anapiga mluzi.

Ngano imefika kwake, mimi bado sijafika kwangu. Anayeitaka aichukue, asiyeitaka ampe jirani.
— Tumeipokea.