Achari ya Bi Mwanakheri

Bi Mwanakheri wa Tanga alisifika kwa achari yake ya ndimu. Tajiri Shekalaghe akamwendea, akitaka kufungua matawi matano kwa jina lake.

"Niandikie kwanza mapishi, bibi. Mkataba tutatia saini baadaye."

"Hewala, bwana," alijibu, akamwandikia.

Tajiri hakurudi. Alifungua maduka yake, akatangaza redioni kwamba achari ile aliirithi kwa nyanya yake. Wiki haikuisha, wateja wakarudisha chupa: achari ilikuwa chungu kama shubiri.

Akamjia Bi Mwanakheri mbio, akafoka mbele ya wateja: "Mapishi uliyoniandikia ni ya uongo!"

"Kumbe achari ile ni yangu?" aliuliza mama kwa upole. "Mmesikia, jamani? Haya, bwana, keti tuandike mkataba. Mapishi ya kweli hufuata saini."