Nani Aliyeilaza Yoyo?

Haya, sogeeni. Mwenye simu aizime, mwenye karanga atafune taratibu, maana nikimaliza nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Kichangani palikuwa na washkaji watatu, wote wamemaliza la saba, wote wapo wapo tu. Gwamaka alikuwa na mikono: mpe kipande cha ubao, kesho anakuletea kitu. Zamda alikuwa na jicho: anakaa pembeni anamung'unya ubuyu, hasemi neno, lakini hakuna kinachompita. Mwantumu yeye alikuwa na roho ya kurudia. Kitu kikimshinda asubuhi, jioni bado yuko nacho. Ila alikuwa na ugonjwa wake: hamwamini mtu. Ukimpa maji, ananusa kwanza.

Basi, likaja kundi la sarakasi. Mkubwa wao, jamaa anaitwa Chande, akatoa yoyo mfukoni, visahani viwili vilivyofungwa kamba katikati, akaitupa chini. Haikupanda! Ikabaki kule mwisho wa kamba inazunguka, imelala. Akaikunja kamba kwa vidole ikawa kama kihema, yoyo ikawa inabembea katikati yake kama kichanga. Halafu akaishtua kidogo, ikaamka, ikarudi kiganjani. Watu wakapiga kelele mpaka mbuzi wakakimbia.

"Hii ni Bembea ya Mtoto," Chande akasema. "Tunarudi Idi. Kwenye gari letu kuna nafasi moja. Mkiweza kumlaza mtoto, namchukua aliyefanikisha. Atakula kwetu, atajifunza kwetu. Mmoja tu."

Watu wengine walisikia habari ya kula. Mwantumu alisikia "mmoja tu". Akawageukia wenzake, akawaona wote wawili wanamtazama yeye.

Gwamaka akaingia kazini. Akaokota mabaki ya mbao kwa fundi seremala, akachonga visahani viwili, akavipitisha kwenye spoki ya baiskeli na kuvizungusha. Upande mmoja ukiwa mzito, unashuka chini. Anapiga msasa, anazungusha tena. Mpaka siku visahani vilipozunguka bila kuyumba, ndiyo akaviunga. Kamba akaifunga katikati kwa fundo la kufa mtu, maana Kichangani kitu cha maana hakiachwi bila fundo.

"Shika," akamwambia Mwantumu. "Jioni utanirudishia niipake mafuta."

"Mafuta ya nini kila jioni?" Mwantumu akauliza. "Yoyo ina nywele?"

Hakuirudisha. Tangu hapo akawa anailalia chini ya mto.

Kazi ya Mwantumu ikawa kurusha. Kiganja juu, mkono unakunjwa kama unamwonyesha mtu msuli, halafu unaachia kwa kifundo cha mkono, siyo kwa bega. Kidole kikavimba, kamba ikamchora alama. Akajua kuitupa ikashuka imenyooka. Akajua kukunja kile kihema hata akiwa amefumba macho. Lakini kila akiitupa, ikigusa mwisho tu, inarudi juu mbio kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau hela. Kulala, hailali.

Na Zamda yuko pale pale. Anatazama, anamung'unya.

"We Zamda, unaangalia nini?"

"Kamba."

"Kamba imekufanya nini?"

"Niazime kidogo nikuonyeshe."

"Nikuazime halafu nikutafute wapi?"

Zamda akatema kokwa ya ubuyu, akatia nyingine mdomoni. Hakuomba tena.

Idi ikafika. Uwanja umejaa, watu na nguo zao mpya. Mwantumu akaiweka yoyo kwenye khanga, akaenda kunawa mikono bombani. Kurudi, anamkuta Zamda amechuchumaa pale, yoyo mkononi. Lile fundo halipo! Kamba imezungushwa tu katikati, kitanzi kimelegea.

"Umeniharibia!"

"Nimekufungulia. Fundo linaibana, ndiyo maana inarudi. Kitanzi kikilegea kitateleza, yoyo italala."

"Kwa nini leo? Kwa nini nikiwa sipo?"

"Ungenipa ukiwepo?"

Mwantumu akamtazama Gwamaka. Gwamaka akatazama viatu vyake. Na hapo ndipo Mwantumu akaona, kwa ndani, pale kamba ilipokuwa imefunika, herufi imechongwa: G. Kumbe hata hii mtu ameshaiwekea jina.

"Kichangani!" Chande akaita. "Mpo au hampo?"

Muda wa kufunga fundo upya hakuna. Mwantumu akaingia katikati ya duara. Kiganja juu. Akaachia.

Yoyo ikashuka. Ikalala.

Vidole vikajikunja vyenyewe, kihema kikasimama, mtoto akabembea. Kwenda, kurudi, kwenda. Mwantumu akashtua kamba. Ikaamka, ikaja kiganjani, paa! Uwanja ukalipuka.

"Nani kafanikisha hii?" Chande akauliza.

"Mimi," wakasema wote watatu.

Gwamaka akasema, "Mjomba, mchukue yeyote arushe yoyo iliyopinda. Itaanguka. Yangu imesimama kwa sababu ya msasa wangu."

Zamda akasema, "Angerusha na fundo lile mpaka aote mvi. Mimi ndiye niliyejua ugonjwa."

Mwantumu akavua kamba kidoleni. Akawapa yoyo. Gwamaka akarusha, ikaenda mrama. Zamda akarusha, ikalala vizuri tu, lakini vidole vikagongana na kihema kikaporomoka. Mwantumu akaichukua, akarudia kama anapiga mswaki.

"Sarakasi inahitaji fundi," Chande akasema, anajikuna kidevu. "Inahitaji mwalimu. Inahitaji mchezaji. Ila kiti ni kimoja."

Gari limeshawaka. Mwantumu kashika yoyo, kamba bado iko kidoleni. Anamwangalia Gwamaka: alichonga ile herufi akifikiria nini? Anamwangalia Zamda: alikuja kusaidia, au alikuja kuharibu, bahati ikamgeukia? Nao wanamwangalia yeye, aliyeilalia yoyo kama vile wenzake ni wezi.

Chande kafungua mlango, kawageukia watu. Sasa nawageukia nyie. Usiniambie wagawane, kiti hakigawanyiki. Gari linaondoka: wewe ungempandisha nani?